Jinsi ya kusimamia mafunzo ya lazima ya watumishi halmashauri bila kumwacha mtu nje

Naandika hii kwa ajili ya afisa utumishi ambae ndio kwanza kakabidhiwa dawati la mafunzo, kafungua kabati kakuta faili nene la barua za mialiko ya semina na hamna hata karatasi moja inayomwambia nani kafundishwa nini na lini. Nimekaa kwenye hilo dawati miaka kadhaa, halmashauri mbili tofauti, na kitu nilichojifunza kwa kuumia ni kwamba ripoti zetu zinahesabu semina wakati kinachotakiwa kuhesabiwa ni watu. Ukiandika "robo hii tumefanya mafunzo manne" kikao kinapita vizuri tu, ila uliza kama muuguzi wa ile zahanati ya mwisho wa barabara anajua afanye nini akijichoma na sindano iliyotumika, utaona watu wanaangaliana.

Kuna siku jioni takataka zilizokua zinachomwa nyuma ya stoo zilirushwa na upepo zikashika maboksi ya makaratasi chini ya dirisha. Mlinzi akakimbia akabeba mtungi wa kuzimia moto, akaufikisha pale, akaminya ule mkono wa juu kwa nguvu zake zote, hamna kitu kinatoka. Akaminya tena. Pini ilikua bado ipo na kile kifungo chake cha plastiki hakijakatwa. Moto tukauzima kwa ndoo na mchanga, yakaungua maboksi na fremu ya dirisha basi. Kesho yake nikatoa faili la mafunzo ya zimamoto ya mwaka ule, jina la mlinzi lipo, sahihi ipo. Nikamfuata getini, shikamoo mzee wangu, hii sahihi ni ya kwako? Akasema marahaba, ndio mwanangu, siku ile nilikua naingiza kreti za soda ukumbini wakaniambia na wewe saini hapo upate soda. Kwenye ripoti alikua mtu wa 38 kati ya watu 38 waliofundishwa.

Kuanzia siku hiyo nikabadilisha kila kitu, na utaratibu wenyewe ndio huu.

Kwanza kaa chini uandike yapi ni ya lazima kwenye halmashauri yako, ukurasa mmoja tu, usizidi. Watu wanachanganya mafunzo ya lazima na mafunzo ya mtu kujiendeleza, yule anaeomba ruhusa akasome shahada huyo ana mlango wake. Ya lazima ni yale ambayo mtu asipoyapata ama sheria inavunjwa ama mwananchi anaumia. Mimi nayagawa mafungu matatu. Kuna yanayomhusu kila mtu hadi dereva na mhudumu wa ofisi, hapo unaweka mafunzo elekezi, maadili ya utumishi na rushwa, usalama na afya mahali pa kazi ambayo ina sheria yake ya mwaka 2003 na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndio wasimamizi, moto na huduma ya kwanza, VVU na magonjwa yasiyoambukiza mahali pa kazi, na siku hizi ulinzi wa taarifa binafsi. Fungu la pili ni ya kada, mfano wa afya wana kukinga na kudhibiti maambukizi pamoja na yale mafunzo endelevu ambayo mabaraza yao yanayataka kwenye leseni, walimu wana MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kule kule shuleni. La tatu ni ya mifumo, yaani mtu hapewi neno la siri mpaka afundishwe, PEPMIS (wa kupima utendaji wa mtumishi) kwa wote, NeST (wa manunuzi) kwa wanaogusa manunuzi, MUSE (wa malipo ya serikali) kwa wahasibu, TAUSI (wa mapato ya halmashauri) na mashine za kukusanyia kwa watu wa mapato.

Hilo la taarifa binafsi nikae nalo kidogo maana wengi bado wanaliona la watu wa TEHAMA. Sheria imepitishwa 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na halmashauri ni moja ya ofisi zinazoshika taarifa nyingi za watu kuliko karibu ofisi yoyote nyingine, za wagonjwa, za wanafunzi, za walipa kodi, za kaya maskini. Nimewahi kuona mtendaji wa kijiji, kijana mzuri tu mchapakazi, kapiga picha orodha ya wanakijiji majina, namba za NIDA na namba za simu, kairusha kwenye grupu la WhatsApp la kijiji ili watu wahakiki majina yao. Nia njema kabisa. Ndani ya wiki kuna mama mtu mzima akapigiwa simu na tapeli anaemsomea namba yake ya NIDA yote mpaka mwisho, mama akaamini ni ofisi, akatuma hela. Yule kijana alikua na miezi minane kazini na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho kitu hakifanywi. Kosa hilo nalihesabu ni letu sisi wa utumishi.

Sasa daftari. Hiki ndio kiini cha kazi yote kwahiyo usikiharakishe. Fungua ekseli moja, moja tu, na kila mstari uwe ni mtu. Anza na orodha ya watumishi inayotoka kwenye mfumo wa mishahara, weka jina, cheki namba (namba yake ya mtumishi kwenye mishahara), kada, idara, kituo anachofanyia kazi hasa (sio kile kilichoandikwa kwenye barua ya ajira miaka kumi iliyopita), tarehe ya kuripoti, namba ya simu. Halafu kila mafunzo ya lazima yapewe safu yake, na ndani ya kisanduku unaandika tarehe. Rangi tatu zinatosha: kijani huyu ameweza, njano huyu alihudhuria ila kwenye zoezi hakuweza anasubiri marudio, nyeupe hajafika kabisa. Yale yanayohitaji kurudiwa kama moto na huduma ya kwanza, weka safu ya pembeni inayosema marudio ni lini.

Halmashauri ya wilaya ya kawaida ina watumishi elfu mbili, elfu tatu, wengi walimu na watu wa afya, kwahiyo usijaribu kujaza peke yako utachoka utaacha njiani. Mpe kila mkuu wa idara kipande chake, kila mkuu wa shule na mganga mfawidhi ajaze watu wake kwenye karatasi ya kawaida wakuletee, wewe unaingiza. Mimi ilinichukua karibu miezi miwili na baada ya hapo ikawa kazi ya nusu siku kila mwisho wa mwezi.

Halafu kuna watu ambao hawamo kwenye mishahara ya serikali na ndio hao hao wanaosahaulika: walinzi wa kampuni, wafanya usafi wa mkataba, vijana wa kujitolea, watendaji wanaokaimu, wakusanya ushuru wa mageti na minada. Wafungulie karatasi ya pili kwenye ekseli ile ile. Mkusanya ushuru ndie sura ya halmashauri kwa mkulima mwenye gunia mbili za mahindi, huwezi ukamwacha bila mafunzo ya maadili kwa sababu hana cheki namba.

Kitu kinachoharibu daftari kuliko vyote ni uhamisho. Mtu anahama kituo, anahamia halmashauri nyingine, wapya wanaletwa, na wewe unapata habari baada ya miezi mitatu. Ongea na mwenzako anaeshughulika na uhamisho, kila barua ya uhamisho ikitoka nakala ije kwako, na kwa anaehamia kwenu umuombe alete vyeti vyake vya mafunzo siku anaripoti. Na kila cheti au barua ya kuhitimu ingia masjala uhakikishe nakala imewekwa kwenye jalada lake la wazi (faili lake binafsi lisilo la siri), maana ekseli inaweza kupotea na laptopu ila jalada linamfuata mtumishi.

Watumishi wapya usiwasubirishe. Wengi tunasubiri wafike hamsini au hela ije ndio tuandae mafunzo elekezi ya siku tatu ukumbini, wakati huo mtu keshakaa kituoni nusu mwaka keshajifunza mabaya ya waliomtangulia. Wakiletwa kutoka Sekretarieti ya Ajira au TAMISEMI wanakuja kwa mkupuo, na siku zile za kwanza wapo tu hapo makao makuu wanashughulikia kuingizwa kwenye mshahara, wanazunguka na bahasha za vyeti. Hizo ndio siku zako. Chukua siku mbili, ukumbi wa halmashauri, projekta, maji ya kunywa. Waambie vitu wanavyohitaji kweli, mshahara wa kwanza unachelewa kwa sababu gani na wafuatilie wapi, muda wa majaribio ni miezi 12 na kuthibitishwa kunahitaji nini, likizo ni siku 28 na inaombwaje kwenye mfumo, malengo yao ya PEPMIS yanaandikwaje, zawadi ipi haipokelewi, siri ipi haitoki ofisini, nani wa kumpigia akikwama saa tatu usiku kule kijijini. Mwite mtu wa TAKUKURU wilaya aje aongee, hao wanakuja ukiwaandikia barua mapema na elimu ndio sehemu ya kazi yao. Mkurugenzi apite hata dakika kumi awaone sura, inawapa moyo sana vijana hawa, wengine ndio mara ya kwanza wamefika huo mkoa.

Kwenye hela nitasema ukweli wangu. Ukitaka mafunzo ya lazima yafe, yafanye yote ya posho na hoteli. Piga hesabu mwenyewe, watu 60 kutoka kata za mbali, siku 2, hata ukiweka laki moja kwa siku ya kujikimu kwa kila mmoja ni milioni 12, hapo hujagusa nauli wala chakula wala mwezeshaji. OC yenyewe, ile fedha ya matumizi mengineyo kutoka serikali kuu, haiji kwa wakati, mapato ya ndani yanagombaniwa na vyumba vya madarasa. Kwahiyo mafunzo yafuate watu, watu wasifuate mafunzo. Mganga mkuu wa wilaya ana usimamizi shirikishi unaozunguka vituoni, ongeza saa moja ya kukinga maambukizi kwenye ziara ile ile gari ile ile mafuta yale yale. Walimu wakuu na watendaji wa kata wanakuja kwenye vikao vyao makao makuu, omba dakika tisini za kwanza (omba za kwanza kabisa, ukiwekwa mwisho utaongea na viti). Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waandikie barua waje wafanye zoezi uwanjani. Kuna watumishi wako wenyewe wanajua kazi, yule mhasibu ambae MUSE anaichezea kama simu yake mpe heshima ya kuwa mwezeshaji wa ndani, mwandikie barua rasmi ya kumteua, na kwenye PEPMIS yake hiyo kazi ionekane.

Ila yale machache yanayohitaji hela yawekee kifungu kwenye bajeti, na hilo linafanyika mapema. Mwaka wetu wa fedha unaanza 1 Julai lakini mahitaji yanakusanywa kuanzia kama Oktoba na Novemba mwaka uliotangulia, ukija mwezi wa tano na dokezo la kuomba fedha ya mafunzo ambayo haimo kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, hakuna wa kukusaidia hata akikuonea huruma. Hapo daftari linakulipa, unaenda kwenye kikao cha bajeti na namba: wahudumu wa afya 41 hawajapata hiki, vituo vyao ni hivi, gharama ni hii. Mweka hazina anakuelewa haraka kuliko ukienda na "kujengea uwezo watumishi". Na ukichukua masurufu, yaani fedha unayopewa kabla ya kuendeshea shughuli, rejesha kwa wakati na risiti zake zote, usipofanya hivyo mafunzo yanayofuata yamekwama na umemharibia hata atakaekuja baada yako.

Ratiba nayo ina adabu yake. Usiite walimu Septemba wakati wa mtihani wa darasa la saba wala Novemba wa kidato cha nne, usiite watu wa afya wiki ya kampeni ya chanjo, usiguse wahasibu Juni wanapofunga mwaka. Zahanati yenye watumishi wawili usiwaite wote siku moja, nimeona mlango umefungwa na mama mjamzito amekaa kwenye benchi la nje anasubiri, na kwenye kitasa kuna karatasi "tupo semina". Gawa awamu mbili hata kama inakuongezea kazi. Barua za wito zitoke wiki mbili kabla, zipitie kwa mkuu wa idara, na siku mbili kabla upige simu au utume ujumbe mfupi kwa kila mtu kwa jina lake, maana barua ikifika kata ya mbali inaweza kulala kwenye meza ya mtu mwingine.

Siku yenyewe, watu wasizidi arobaini, na chini ya hapo ni bora zaidi. Nusu ya muda iwe kufanya kwa mikono. Moto: kila mtu ashike mtungi, avute pini, aelekeze mpira kwenye kitako cha moto, aminye, afagie kushoto na kulia, na yule mzee mlinzi awe wa kwanza. Wa afya kila mmoja aeleze kwa mdomo wake hatua za kuchukua akichomwa na sindano, aoshe na maji na sabuni, aripoti, akaanze dawa kinga za VVU haraka iwezekanavyo na isipite saa 72, na ajue zipo kituo gani usiku. Mafunzo ya mfumo bila kompyuta mkononi ni hadithi, NeST ilipochukua nafasi ya TANePS, mfumo wa manunuzi wa zamani, mwaka 2023 tulikaa siku nzima tunaangalia picha za skrini ukutani, kesho yake hakuna aliyeweza hata kuingia. Awamu ya pili tukafungua akaunti za watu siku moja kabla, tukaomba jenereta, tukanunua bando la akiba, kila mtu akaandaa hitaji moja la kweli la idara yake mpaka akalituma. Watu walitoka pale wanacheka.

Mahudhurio yasainiwe mara mbili, asubuhi na mwisho, na mwezeshaji awe na karatasi yake ya pembeni anayoandika ameweza au bado, kwa jina. Hiyo ya pembeni ndio inayoingia kwenye daftari lako, ile ya sahihi inabaki kwa ajili ya wakaguzi. Na asieweza usimuaibishe mbele ya wenzake, hasa watu wazima kwenye mambo ya kompyuta, mkalishe pembeni na kijana wa TEHAMA baada ya chai, wengi shida yao ni kuogopa kuharibu kitu.

Wasiokuja je? Usianze na barua ya kumtaka ajieleze. Anza na simu. Utakuta mmoja yupo likizo ya uzazi, mwingine masomoni, mwingine kauguliwa, mwingine mkuu wake kamzuia kwa sababu hana wa kumwachia kazi, na huyo wa mwisho tatizo sio lake ni la mkuu wake. Kilichonisaidia sana ni kuomba ajenda ya dakika tano kwenye kikao cha menejimenti kila mwezi, narusha ukutani ukurasa mmoja, idara hii wamebaki watu 6 ambao hawajapata mafunzo ya usalama, idara ile 0. Majina ya watu siweki, naweka idara. Hakuna mkuu wa idara anaependa kuonekana wa mwisho mbele ya Mkurugenzi, wiki inayofuata simu zinaanza kulia zenyewe. Mtu akikataa mara tatu bila sababu hapo sasa taratibu za nidhamu zipo na zifuatwe, lakini kwa miaka yote nimefika huko mara mbili tu.

Wakaguzi wa ndani na wa nje wakija watataka kuona mpango wa mafunzo wa mwaka, barua za wito, ratiba, mahudhurio, ripoti na marejesho ya fedha, funga kila mafunzo kwenye bahasha yake siku ile ile yakiisha, maliza.

Kazi iliyobaki ni ile isiyofanywa kabisa, kurudi kuangalia. Miezi mitatu baada ya mafunzo chagua vituo vitano, nenda au piga simu, uliza swali moja la kufanya. Mtungi wenu wa moto uko wapi na ulikaguliwa lini? Orodha ya wagonjwa mnaifungia wapi usiku? Majibu yanakuambia mwakani urudie nini na uache nini. Kuna kituo kimoja nilipiga nikaambiwa mtungi upo stoo umefungiwa na kufuli ili usiibwe, na funguo anazo mfawidhi, na mfawidhi yupo likizo. Tulipata fundi akaukaza ukutani kwenye korido wiki ile ile.

Na wewe mwenyewe utahama siku moja, kwahiyo daftari lisikae kwenye laptopu yako tu. Nakala moja kwa mkuu wa idara, moja kwenye kompyuta ya ofisi yenye neno la siri, na kila robo uprinti moja uweke kwenye faili, na pembeni ya ukurasa wa kwanza uandike maana ya rangi. Mimi hilo la rangi nilisahau. Nilipohama, mwenzangu aliyepokea dawati alinipigia mara moja tu, dada hizi njano ni kina nani? Nikamwambia ni waliokaa ukumbini ila bado hawajaweza, anza na hao.